Mwanamke Asiyetamani Ndoa: Vitabu Vilimwandikaje?



Hapa tumezoea kuzungumza singo, hina, sanduku la bibi harusi na adabu za mke na mume. Leo tunataka kumzungumza mwanamke ambaye mazungumzo yote hayo yanampita kando. Huyu hajakosa posa, na wala hakuna mtu aliyemvunja moyo. Ni mwanamke ambaye tangu abaleghe hajawahi kumtamani mwanamume, wala hajawahi kuota mapenzi ya uchumba. Wenzake wakimsifia kijana fulani, yeye husikiliza kama anayesikiliza habari za mji asiokuwa na safari nao.

Mitaani majina yake tunayajua. Ana jini mahaba. Kafungwa nyota. Kachezewa. Kisomo kimempanda kichwani. Huzungushwa kwa waganga, husomewa, mwisho huozwa ili "azoee huko huko". Na katika hali hiyo wanaoumia huwa wawili, kwa sababu mume naye ana haki zake.

Siku hizi vijana wetu wanakutana na maneno mapya kutoka Magharibi. Asiyevutwa kimwili na mtu yeyote huitwa aseksua. Asiyevutwa na mapenzi ya uchumba huitwa aromantiki. Mtafiti Anthony Bogaert alichapisha mwaka 2004 makala iliyotumia majibu ya zaidi ya watu 18,000 wa Uingereza, na takriban 1 katika kila 100 alisema hajawahi kuvutwa na yeyote. Wazazi wakiyasikia maneno haya hudhani ni jambo lililoletwa na simu. Ndiyo maana tumeona tufungue vitabu, tuanze na vya kwetu, tutazame mtu wa namna hii aliandikwaje kabla maneno hayo hayajakuwapo. Tulichokiona ni kuwa baadhi ya waandishi wa zamani walimwandika kwa utulivu ambao sisi wa leo hatunao.

Tuweke sharti moja kabla hatujaenda mbali. Hatutambandika mwanamke mwema wa karne ya 2 au ya 5 Hijria jina la leo. Ya moyoni mwake anayajua Mola wake. Tunachoweza kukisoma ni namna walivyomwandika.

Qur'ani yenyewe imemtaja asiye na matamanio

Katika Sura An-Nur, aya ya 31, Allah SWT anawataja watu ambao mwanamke hana dhambi mapambo yake yakionekana mbele yao: mumewe, baba yake, wanawe, ndugu zake na wengineo. Ndani ya orodha hiyo wamo wanaume wafuasi wa nyumba wasio na haja na wanawake. Wafasiri wamehitilafiana ni nani hasa. Wapo waliosema ni wazee, wapo waliosema ni wenye akili dhaifu, na wapo waliosema ni kila ambaye matamanio hayo hana. Ila kwamba yupo mtu mzima asiye na haja hiyo, aya imelitaja kama jambo linalojulikana, bila kumkemea.

Nabii Yahya AS naye, katika Sura Aal Imran aya ya 39, anasifiwa kwa neno "hasur", yaani mwenye kujizuia na wanawake. Wapo waliolielewa kuwa ni upungufu wa kimwili. Qadhi Iyadh, mwanachuoni mkubwa wa Maghrib, aliikataa tafsiri hiyo, na Ibn Kathir akaipokea kauli yake: Allah hamsifu Nabii Wake kwa upungufu, hivyo sifa hiyo ni ya ukamilifu.

Na Hadithi mashuhuri ya watu watatu hatuifichi. Mmoja wao aliapa kuwa hatawakaribia wanawake maisha yake yote, na Mtume SAW akawakemea, akaeleza kuwa yeye anafunga na anafungua, anaswali na analala, na anaoa. Ndoa ni sunna, na dini yetu haina utawa. Lakini mtu yule alikuwa anaizuia haja aliyonayo akidhani anajikurubisha kwa Mola wake. Asiyekuwa na haja hiyo tangu mwanzo ni suala jingine, na wanafiqhi walilitazama peke yake. Tutafika huko.

Karima wa Makka

Kila anayeiheshimu Sahih al-Bukhari ana deni kwa mwanamke mmoja ambaye wengi wetu hatukufundishwa jina lake. Ni Karima bint Ahmad al-Marwaziyya. Asili yake ni upande wa Marw, katika Asia ya Kati, na alikaa Makka akisomesha. Sahih aliisikia kutoka kwa mwalimu wake Abu al-Haytham al-Kushmihani, na njia yake ya mapokezi ikawa miongoni mwa njia zinazotegemewa. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyeandika historia ya Baghdad, alipokwenda Hija aliisoma Sahih mbele yake kwa siku tano.

Zama hizo hapakuwa na mashine ya kuchapa. Kitabu kilienea kwa mkono: mwanafunzi ananakili, kisha nakala yake inalinganishwa neno kwa neno na nakala ya mwalimu. Kulinganisha huko ndiko kulikokuwa kazi ya mhariri. Mwanafunzi mmoja, Abu al-Ghanaim an-Narsi, amesimulia kuwa Karima alimtolea nakala yake ya Sahih, akakaa mkabala naye na kunakili karatasi saba. Alipotaka kwenda kuzilinganisha peke yake, Karima alimkatalia. Alimtaka walinganishe pamoja, na ndivyo walivyofanya.

Alifariki mwaka 463 Hijria, sawa na 1070 au 1071 Miladia, akiwa na umri unaokaribia miaka 100. Imam adh-Dhahabi wa Damascus, aliyefariki mwaka 748 Hijria, alipoandika wasifu wake alitaja elimu yake, umakini wake, ibada yake, na kuwa alikufa bikira, hakuolewa kabisa. Tazameni uzito wa jambo hilo katika wasifu wenyewe. Ni sentensi moja. Hakutafuta sababu, hakumwonea huruma, hakusema alikosa bahati. Ameliandika kama alivyoandika mji aliotoka, kisha akaendelea na kazi ya maisha yake.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1982, Sheikh Abd al-Fattah Abu Ghudda wa Halab, Syria, alichapisha kitabu kizima kuhusu wanazuoni waliotanguliza elimu mbele ya ndoa. Wamo Imam at-Tabari, az-Zamakhshari, Ibn Taymiyya na Imam an-Nawawi. Karibu wote waliomo ni wanaume, na Karima yumo. Sheikh hakuandika ili watu waache kuoa. Alitaka tujue ni kiasi gani wengine waliipenda elimu. Hata hivyo kitabu hicho kimetufanyia wema mwingine: kimekusanya mahali pamoja watu ambao jamii hupenda kuwauliza "mbona hujaoa?", na kimewataja kwa heshima.

Rabia wawili, na hadithi zilizoongezwa

Rabia al-Adawiyya wa Basra anajulikana zaidi. Alifariki mwaka 185 Hijria, yaani 801 Miladia, kwa kauli iliyo mashuhuri. Wasifu zake zinasema hakuolewa. Ila kwake yeye waandishi hawakutosheka na sentensi moja.

Farid ad-Din Attar, mshairi wa Nishapur, alimwandika takriban miaka 400 baada ya kifo chake. Humo tunamkuta Hasan al-Basri akimuuliza kuhusu ndoa, na Rabia akimjibu jibu la kumnyamazisha. Ni kisa kitamu, na katika mawaidha husimuliwa sana. Shida yake ni tarehe. Hasan al-Basri alifariki mwaka 110 Hijria, miaka 75 kabla ya Rabia, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Posa hiyo haikuwezekana. Vitabu vingine vinamleta amiri wa Basra akitoa mahari ya 100,000, naye anakataliwa.

Kwa nini visa hivi vikahitajika? Sisi tunadhani ni kwa sababu msimulizi hakuweza kumwamini mwanamke asiyetaka mume mpaka kwanza amwoneshe akitakiwa na wakubwa wa mji. Posa zikawa cheti chake: alikuwa na soko, alikataa mwenyewe. Hata leo, mtu akituuliza kwa nini binti fulani hajaolewa, jibu la haraka la mama yake huwa "wamekuja wengi, kakataa yeye".

Cairo ikaenda mbali zaidi. Mwaka 1963 ilitoka filamu ya Rabia al-Adawiyya, Nabila Ebeid akiwa Rabia, na nyimbo zikaimbwa na Umm Kulthum, ambaye visiwani kwetu hahitaji kutambulishwa. Katika filamu Rabia anapita kwanza kwenye maisha ya ngoma na starehe, kisha anatubu. Kwa watu wengi huyo ndiye Rabia wanayemjua. Yaani mwanamke asiye na haja na wanaume alipewa kwanza zamani ya wanaume, ndipo akaeleweka.

Sasa msikilizeni Rabia wa pili, ambaye huchanganywa na wa kwanza kwa sababu ya jina. Huyu ni Rabia bint Ismail wa Sham, na yeye aliolewa. Mumewe alikuwa Ahmad bin Abi al-Hawari, mchamungu aliyejulikana. Imepokewa, na Ibn al-Jawzi ameiweka katika kitabu chake cha wasifu za watu wema, kuwa Rabia huyu alimwambia mumewe waziwazi kwamba hampendi mapenzi ya mke kwa mume, anampenda mapenzi ya ndugu. Na imepokewa kuwa alikuwa akimpikia chakula kizuri, akimtia manukato, kisha akimwambia aende kwa wake zake wengine.

Zaidi ya miaka 1,100 imepita, na ni mwanamke aliye ndani ya ndoa anayesema jambo ambalo wengi hawathubutu kulisema hata kwa somo wao. Ahmad hakusema ana jini. Ni yeye mwenyewe aliyeyahifadhi maneno yake na kuyasimulia, na kwa njia hiyo yametufikia.

Habari hizi zingeweza kupotea. As-Sulami wa Nishapur, aliyefariki mwaka 412 Hijria, aliandika kitabu cha wanawake wachamungu wapatao 80, akaanza na Rabia wa Basra, akamwonesha kama mwalimu ambaye hata Sufyan ath-Thawri alimwendea kutaka nasaha. Kitabu hicho kilihesabiwa kuwa kimepotea kwa karne nyingi, mpaka nakala yake ya mkono ilipoonekana Riyadh mwaka 1991 na kuchapishwa Cairo mwaka 1993. Kwa hiyo filamu ya Rabia mcheza ngoma ilitangulia miaka 30 kabla wasomaji hawajapata tena kitabu cha Rabia mwalimu.

Madhehebu yetu yalisemaje?

Pwani yetu ni ya Kishafi, na Minhaj ya Imam an-Nawawi ni kitabu kinachosomeshwa kwetu kizazi baada ya kizazi. Imam mwenyewe alifariki mwaka 676 Hijria (1277), akiwa na umri wa miaka 45 hivi, na hakuoa.

Katika mlango wa nikaha, Minhaj inagawa watu. Mwenye haja ya ndoa na uwezo wake, kwake ni sunna. Asiyekuwa na haja wala uwezo, kwake ni makruhu. Mwenye uwezo asiyekuwa na haja, si makruhu kwake kuoa, ila kushughulika na ibada ni bora zaidi. Hapo Nawawi anaongeza kauli yake: kama mtu huyo hashughuliki na ibada, basi kuoa ndiko bora kwa kauli iliyo sahihi zaidi.

Na mwanamke je? Abu Ishaq ash-Shirazi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 476 Hijria na aliyeishi zama moja na Karima, katika Tanbih yake amemtaja mwanamke peke yake: mwenye haja ya ndoa inapendeza aolewe, na asiyekuwa na haja nayo ni makruhu kwake kuolewa. Wanafiqhi wameeleza hekima ya jambo hili kuwa ndoa inamvika mtu haki za mwenzake, na asiyezihitaji atajibebesha mzigo asioweza kuutimiza.

Hatutoi fatwa hapa. Mwenye jambo lake amwendee mwanachuoni anayemwamini, kwani kuna mengine ya kuangalia, kama vile matunzo na usalama wake. Tunachosema ni hiki: mwanamke tunayemwita mgonjwa alikuwa na mstari wake katika vitabu vya fiqhi miaka zaidi ya 900 iliyopita.

Kalamu ya leo, mbali na kwetu

Fasihi ya kisasa ya Magharibi ilichelewa kumpa nafasi. Riwaya nyingi huishia harusini, na mwanamke asiyetaka mume huwa ama shangazi mkali, ama mtu wa kuchekwa, ama mwenye kidonda ambacho mwanamume fulani atakuja kukiponya.

Mfano wa aliyeandika tofauti unatoka kisiwani pia, New Zealand. Keri Hulme, aliyezaliwa mwaka 1947 na mwenye asili ya Kimaori kwa upande mmoja, alisema hadharani kuwa yeye ni aseksua. Riwaya yake, The Bone People, ina mhusika anayeitwa Kerewin, msanii anayeishi peke yake katika mnara alioujenga mwenyewe, asiye na matamanio hayo. Anakutana na mtoto asiyesema na baba mlezi wa mtoto huyo. Kitabu kinazungumza ukatili na maumivu mazito, lakini hakimalizi kwa Kerewin "kuponywa" kwa mapenzi. Wanachotafuta watu hao watatu ni udugu wa nyumba moja.

Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada, na wapo waliotaka ukatwe. Keri alikataa. Kikundi cha wanawake kilichoitwa Spiral, ambacho hakikuwa kampuni kubwa, kikakichapisha mwaka 1984. Mwaka 1985 kilishinda tuzo ya Booker, na kwa mara ya kwanza tuzo hiyo ikaenda kwa mwandishi wa New Zealand. Keri alifariki mwaka 2021.

Baada yake njia imefunguka kidogo. Mwaka 2020 Alice Oseman wa Uingereza alitoa Loveless, riwaya ya vijana kuhusu msichana anayeanza chuo kikuu na kugundua kuwa hapendi mtu kwa namna ile. Utamaduni wa vitabu hivi si wetu, na mengi yaliyomo si mwenendo wetu. Lakini binti zetu wanavisoma. Akiwa amehangaika miaka, halafu mtu wa kwanza kumwambia "wewe si wa ajabu" akawa mwandishi wa mbali asiyemjua Mola wake, tujiulize sisi tulikuwa wapi, ilhali Karima yumo katika vitabu vyetu.

Na sisi Waswahili

Maktaba yetu ya Kiswahili ina hazina kwa mke. Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, bado unasomwa na bibi harusi wa Pwani. Tuna nyimbo za harusi, tuna mafunzo ya somo, tuna taarab ya mahaba usiku kucha. Yule asiyetamani hayo hatumtungii wimbo. Akitajwa, hutajwa kwa kijembe. Tungependa siku moja dada mmoja wa hapa aandike hadithi ya shangazi ambaye hakuolewa, aliyelea watoto wa ndugu zake, aliyesomesha chuoni, na mwandishi aseme hakuolewa kwa sentensi moja tu, kama adh-Dhahabi.

Kwa bibi harusi anayetusoma

Wewe ambaye tarehe imekaribia, usishtuke. Woga wa siku ya harusi, aibu, hata kulia usiku, hayo huwapata wengi na hayana uhusiano na haya tuliyoyasema. Kadhalika wapo waliofanyiwa ubaya udogoni, au wenye maradhi, na hao wanahitaji daktari na mtu wa kuwasikiliza. Zungumza na somo wako, ndiyo kazi yake.

Lakini kama unajijua kuwa tangu ujitambue haja hiyo huna kabisa, na unakwenda ndoani ili watu wanyamaze, sema kabla ya nikaha. Mwambie mama, mwambie khalati yako, mwambie mwanachuoni. Kijana anayekuoa anastahili kujua, kwa kuwa kumficha ni kumdhulumu. Huenda akakubali mkaishi kwa makubaliano yenu, huenda asikubali, na yote mawili ni bora kuliko talaka ya mwezi wa tatu. Mtume SAW aliivunja ndoa ya Khansa bint Khidam, mwanamke aliyewahi kuolewa kabla, baada ya baba yake kumuoza na yeye hataki. Alimsikiliza.

Na kwenu mama zetu, binti akija na maneno haya, msimkimbilize kwa mganga. Mkalisheni, mumsikilize mpaka amalize. Kisha mumsimulieni habari ya Karima, aliyekataa mwanafunzi alinganishe nakala peke yake, ambaye kazi yake iliihudumia Bukhari tunayoisoma mpaka leo.

Allah awape masikilizano wanaooana, awape utulivu wasioolewa, na atujaalie ndimi zisizowaumiza wenzetu. Amin.